Nukta Mkato Ambayo Sikuiweka

Kaka Mutua mpendwa,

Nimekukasirikia. Ningependa kuanza na salamu, habari za Wamunyu, habari za Mjomba na mgongo wake, lakini nikianza hivyo nitaishia hukohuko kwenye salamu, maana unanijua: nikiogopa huwa nasalimu sana. Kwa hiyo nimesema kwanza lililonileta. Nimekukasirikia tangu Jumatano, na leo ni Jumapili, na Mama amerudi kanisani akanikuta bado nimekaa mezani na karatasi hizi. Barua hii sitaifunga. Utaisoma wewe, lakini wataisoma na wengine, na nitakueleza ni nani na kwa nini.

Unakumbuka ulivyonifundisha mjumbe? Ilikuwa Jumamosi, mwezi wangu wa kwanza pale chuoni. Wewe ulikuwa umeshakaa miaka miwili ukitunza kompyuta za chuo, mimi nilikuwa karani mpya wa usajili, nimetoka kujifunza taipu na cheti changu kikiwa bado kinanukia wino. Ulikuwa umeketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu hapa Mbotela, daftari la mirabamiraba likiwa magotini, ukiandika kwa penseli lugha ile inayotiwa ndani ya kurasa za mtandao ili ukurasa uweze kufikiri kidogo badala ya kukaa tu kama bango. Nikakuuliza vile vipande vyenye jina na mabano ni nini. Ukasema Waingereza wana jina lao, lakini wewe unaviita wajumbe, kwa kuwa kazi yao ni kutumwa.

Halafu ukanituma kweli. Ulisema niende kwa Mama Kanini, duka la pembeni, niulize kama ana maharagwe ya nyayo. Nikaenda, nikakuta watu, nikasubiri, nikauliza, nikarudi nikaanza kukusimulia jinsi mwanamke mmoja alivyokuwa akigombana juu ya kibiriti kilicholowa.

"Sikukutuma hadithi," ulisema. "Yapo au hayapo?"

"Yapo."

"Basi hilo ndilo linaloitwa kurudisha."

Ukanituma tena, safari hii niulize sukari, kisha nibaki hukohuko. Nilisimama kando ya duka nikijiona mjinga, vijana wa ploti ya pili wakipita wakikuuliza niaje, umemwajiri siste siku hizi, nawe unawapungia mkono bila kuinuka. Niliporudi mwishowe, ulikunjua kiganja chako ukakiweka mbele ya macho yangu, kitupu.

"Ulienda, uliuliza, ulijibiwa. Kazi yote umeifanya vizuri. Lakini mimi niliyekutuma, nina nini mkononi?"

Nilicheka. Sikujua nitakuja kukikumbuka kiganja kile mwaka mzima.

Siku hiyohiyo ulinieleza jambo lililonikera, na linanikera mpaka leo. Ulisema mjumbe akirudi mikono mitupu, lugha ile hailalamiki. Haisimami ikasema hapa pana kasoro. Inaandika tu moyoni mwake kwamba jibu halijulikani, na kama swali lilikuwa la ndiyo au hapana, inahesabu kuwa ni hapana, kisha inaendelea na safari. Nikakuambia huo ni uonevu. Mtu aliyekataa na mtu aliyenyamaza si mtu mmoja. Ukanicheka, ukaniita Madam Nukta, jina lile ulilonibandika kwa sababu siwezi kupita sentensi isiyo na kituo bila kuipa. Ukasema, "Andikia waliotengeneza lugha, Madam Nukta. Waambie karani wa Mbotela hakubali."

Nami nilikufundisha ya kwetu. Ndiyo, na wewe ulijifunza kwangu, usijifanye umesahau. Ulileta tangazo la harambee ya kanisa la Mama, umelichapa mwenyewe vidole viwili, nikakuonyesha alama tunazotia pembeni tunaposahihisha: kijiti cha kufuta, pembe ya kuongeza, na ule upinde mdogo wa kuunganisha vitu viwili vilivyotenganishwa kimakosa. Upinde ule uliupenda. Ulisema unafanana na nyusi za Mjomba akikataa bei.

Nayaandika haya ili anayesoma ajue kwamba tulikuwa na lugha mbili kati yetu, na hakuna hata moja iliyokosa neno la kusema ukweli.

Sasa nifike kwenye ukurasa. Wanaosoma hawajui, kwa hiyo nawaeleza. Kila mwaka chuo chetu kilikuwa kikibandika ukutani majina ya waliochaguliwa kusomea uuguzi, na watu wakija kujisomea. Mwaka huu Meneja akasema ukuta ni mambo ya zamani. Akataka kompyuta iwekwe kaunta, mwombaji aandike nambari yake, ukurasa umjibu amechaguliwa au hakuchaguliwa, na hata aliye mbali na mwenye mtandao ajiulizie hukohuko aliko. Kazi hiyo akakupa wewe. Uliiandika yote daftarini, kwa penseli, kisha ukanipa niichape kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi kuliko vyako na wewe ulikuwa ukihangaika na printa.

Nilichapa nikitazama daftari, si skrini. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na nilijivunia hilo. Mwalimu wetu wa taipu alikuwa na rula ya mbao. Tulikuwa wasichana thelathini na taipureta thelathini, na kila tulipofika mwisho wa mstari aligonga meza akaita neno moja la Kiingereza, return, na mikono thelathini ikasukuma mkono wa chuma ili karatasi ianze mstari mpya. Miezi tisa, kila siku. Neno lile halikuwa neno tena kwangu. Lilikuwa kitu ambacho mkono unafanya.

Na ndilo neno hilohilo ambalo lugha yako inalitumia kumwambia mjumbe arudishe jibu. Wewe uliandika daftarini kwenye mstari mmoja: return, halafu jibu lenyewe. Mimi nililichapa neno, na kidole changu kikalitii. Kikabonyeza kitufe cha mstari mpya. Jibu likaangukia mstari wa chini, likiwa limenyooka na nadhifu, na sikuona chochote. Ningeona, nadhani ningelipenda lilivyokaa.

Baadaye nilikuja kusoma kilichotokea katika kile kitabu chako kinene cha lugha ile. Lugha ile, ikiona neno hilo limeachwa peke yake mwisho wa mstari, hudhani sentensi imekwisha. Inaweka yenyewe nukta mkato pale, isiyoonekana, bila kumwuliza aliyeandika. Mjumbe anarudi mikono mitupu, na jibu la kweli linabaki mstari wa chini yake, zima, bila mtu wa kulibeba. Mimi, Kaka, Madam Nukta, ambaye hajawahi kusahau kituo maishani mwake, nimeangushwa na nukta mkato ambayo sikuiweka.

Uliniuliza, "Umeijaribu?" Nikasema nimeijaribu. Na nilikuwa nimeijaribu, lakini nitasema nilivyoijaribu, kwa sababu hili sijamwambia mtu. Niliandika nambari za uongo. Nilipatwa na woga wa kuandika nambari ya mtu wa kweli. Niliona ni kama kufungua barua yake kabla hajaifungua mwenyewe. Kwa hiyo nikabuni nambari, moja baada ya nyingine, na ukurasa ukanijibu kila mara samahani, hukuchaguliwa, na lilikuwa jibu sahihi, na nikaridhika. Sikuuliza hata mara moja swali ambalo jibu lake lilipaswa kuwa ndiyo.

Asubuhi ya matokeo nilikuwa mimi kaunta. Walikuja kwa foleni, wakaandika, wakasoma, wakaondoka. Nawakumbuka wachache tu, lakini Wanjiru namkumbuka. Alikuwa ametembea kutoka Mathare. Kabla ya kuvuka mlango alitoa kitambaa mfukoni akainama akapangusa viatu, kushoto kisha kulia, akakunja kitambaa upande wa vumbi ndani. Aliandika nambari yake kwa kidole kimoja, akasoma, akaniangalia.

"Madam, naweza kuandika tena? Pengine nimekosea mimi."

Nikamruhusu. Aliandika polepole zaidi. Jibu likawa lilelile. Na mimi, kwa sauti yangu ya ofisini, nikamwambia kompyuta haikosei, ajaribu mwaka ujao. Alinishukuru, Kaka. Alinishukuru na akaenda zake.

Ni wewe uliyegundua, saa sita. Ulitoka kule nyuma ukiwa na waya mkononi, ukasimama katikati ya ofisi kama mtu anayesikiliza.

"Mbona tangu asubuhi sijasikia mtu akifurahi?" ulisema.

Hilo tu. Hukuona kosa kwenye skrini, ulisikia kicheko ambacho hakikuwepo. Ulichukua orodha kwenye faili, ukaandika nambari ya kwanza, ukaambiwa samahani. Ukaandika ya pili. Ukachomoa kompyuta ukutani kwa nguvu hadi soketi ikalegea, ukabandika majina mlangoni kwa mikono yako, ukaitoa kwa printa kazi ile niliyoichapa ukaenda nayo nyuma. Hukukaa hata robo saa. Uliporudi ukurasa ulikuwa unajibu vizuri. Nikakuuliza ilikuwa nini. Ukasema kitu kidogo, umesharekebisha.

Waliokuwa na simu tuliwapigia. Wengine walisikia, wakarudi kujionea mlangoni. Wanjiru hakuwa na simu, alikuwa na sanduku la posta la shule yake ya zamani. Wewe ulienda Mathare kwa miguu mara mbili. Mara ya kwanza hukuupata mlango. Mara ya pili ulimpata mama yake, na ulivyorudi ulinisimulia ukiwa umesimama, hukutaka kuketi. Wanjiru alikuwa ameondoka asubuhi ya jana yake, kwenda kwa watu fulani huko bara kuwafanyia kazi za nyumbani. Mama yake alikuambia, "Kompyuta ilimkataa, mwanangu. Sasa nimtumie habari kwamba imebadilisha nia?" Siku ya kuripoti ikapita. Nafasi yake akapewa aliyekuwa nje ya orodha.

Ijumaa tukaitwa. Meneja alikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yake. Akauliza nani aliandika ukurasa ule. Hata hakumaliza swali, ukasema, "Mimi." Akauliza kosa lilikuwa la nani. Ukasema, "Aliyeandika ni mimi." Kisha akanigeukia.

"Karani, wewe ulikuwepo. Una la kusema?"

Wakati ule sikujua kosa liko wapi. Naapa kwamba sikujua. Lakini nilijua nimechapa mimi, nilijua nimejaribu kwa nambari za uongo, nilijua nililomwambia Wanjiru. Nilikuwa na mengi ya kurudisha. Nilitazama kalamu yake. Nilifikiria nyumba hii na Mama na kibarua hiki kimoja kitakachobaki wewe ukitoka. Nikanyamaza, naye akaandika, na aliandika akitamka kwa sauti: karani hana la kusema. Kimya changu kilihesabiwa papo hapo, kikawekwa upande wa hapana.

Ukafukuzwa siku hiyohiyo, na Jumapili ukafunga patasi za marehemu Baba katika gunia ukaenda Wamunyu kuchonga twiga wa mbao na Mjomba. Mlangoni uliniambia niache woga, nitazoea. Hujaandika tangu siku hiyo. Mama anauliza kila wiki kama pana barua, nami nasema posta inachelewa.

Sasa sikiliza kilichonifikisha hapa. Jumatatu iliyopita Meneja aliniita akanipa taarifa iliyochapwa tayari, inakwenda kwa kamati ya chuo, imebaki saini yangu tu. Inasema wewe uliandaa ukurasa peke yako. Inasema mimi sikuwa na mkono wowote katika kazi hiyo. Na inasema mwombaji Wanjiru alijulishwa kwa wakati na hakuripoti kwa hiari yake. Nilisoma mstari huo wa tatu mara nne. Kwenye fomu zetu za kujiunga, ambazo nimezichapa mimi, pana kanuni kwamba mwombaji aliyekosa nafasi kwa kosa la ofisi huingizwa darasa linalofuata bila kuomba upya. Darasa linalofuata ni la Januari. Nikitia saini, ofisi haikukosa, Wanjiru alikataa mwenyewe, na hana darasa Januari wala mwaka wowote.

Nilimwambia Meneja naomba nikaisome vizuri. Hakukasirika. Alinyoosha kidole dirishani, upande wa mahakama ya Makadara, pale ninapopita kila asubuhi nikitazama chini kwa sababu ya nyuso za wale wanaosubiri langoni.

"Mambo haya tukiyamaliza hapa, yamekwisha," alisema. "Tukishindwa, yanamalizwa pale. Chagua, dada. Niletee Jumatatu."

Niliikunja taarifa ile nikaja nayo nyumbani. Na Jumatano nikafanya jambo la aibu. Nilitoa daftari lako la mirabamiraba, uliloliacha chini ya godoro, nikaanza kutafuta kosa lako. Ndiyo, lako. Nilitaka nikukute umekosea wewe. Nilitaka mstari mmoja uliopinda wa penseli yako, nitie saini nikiwa na moyo mweupe. Nikafika kwenye ukurasa wa mjumbe yule. Mstari wako ulikuwa mmoja, umenyooka, neno na jibu lake bega kwa bega.

Ndani ya jalada la nyuma palikuwa na karatasi ya printa iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kazi yangu niliyoichapa, ile uliyokwenda nayo nyuma saa sita ile. Na pale mwisho wa mstari, kati ya neno na jibu lililoanguka chini yake, palikuwa na upinde mdogo wa penseli. Nyusi za Mjomba. Unganisha.

Kwa hiyo ulijua. Saa sita na robo siku ile ulijua ni mkono wangu, na ulijua hata ni mazoea gani ya mkono wangu. Uliingia kwa Meneja Ijumaa ukijua. Ukasema "mimi" haraka vile ili nisipate nafasi.

Nani alikupa ruhusa? Nakuuliza, na nataka unijibu kwa maandishi. Ulinilaumu lini uso kwa uso nikashindwa kusimama? Hukunijaribu hata. Ulifanya kama nilivyofanya mimi na nambari zile, uliogopa swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa ndiyo. Ulinitazama ukadhani sentensi yangu imekwisha, ukaniwekea nukta mkato yako, isiyoonekana, kwa upendo mwingi. Na mimi nilikuwa bado nina la kusema, Kaka. Lilikuwa mstari wa chini. Ungesubiri kidogo lingefika.

Na huo upendo wako ulimhesabu nani? Ulinihesabu mimi, ukajihesabu wewe. Wanjiru hukumhesabu. Ungeitaja sababu ya kweli mbele ya Meneja, na kuonyesha karatasi hii, pangekuwa na ushahidi wa kosa la ofisi siku ileile, na msichana yule angekuwa na Januari yake. Ulibeba kosa langu ukaliondoa mezani, na haki yake ikaondoka nalo. Ulitembea mpaka Mathare mara mbili kumtafuta, kisha ukamfungia mlango kwa kuninyamazia mimi. Sijui ulifikiri nini. Najua hukufikiri vibaya. Hasira yangu inazidi hapohapo, kwamba sipati hata uovu wa kuushika.

Na Meneja naye, aliyetaka kompyuta kaunta ili asifiwe, yumo? Hayumo. Taarifa yake haina neno moja juu ya nani aliamuru ukuta uachwe mtupu. Na mwalimu wangu wa rula? Na hao waliotengeneza lugha inayochukua kimya cha mtu ikakifanya kukataa? Wote wana majina, na karatasi ile ina jina lako peke yako.

Jumatano hiyohiyo nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha kuchambua. Nilimweleza yote, mpaka upinde, na aliponielewa aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo mtoto wangu mmoja alifukuzwa kwa kosa la mwingine," alisema, "na nyote wawili mkala ugali kwenye meza hii mkitazamana. Nilizaa watu, ama nilizaa mawe?"

Nikamwambia nikisema, kibarua kitapotea. Alisema hilo ameliona kabla yangu. Kisha akaniuliza jina la mama yake Wanjiru, na nikagundua silijui.

Jana nilikwenda Mathare. Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu yeye alikuja kwa miguu. Nilimpata mama yake akiuza sukuma wiki karibu na daraja. Nilijitambulisha kama wewe ulivyonifundisha, bila hadithi: mimi ndiye niliyechapa, mkono uliokosea ni huu, na mimi ndiye niliyemwambia binti yako kompyuta haikosei. Hakuniambia niketi. Alifunga mafungu mawili matatu ya mboga kwanza, akamhudumia mteja, akanigeukia akauliza kama karatasi yoyote ninayotaka kuandika itamrudisha mtoto wake. Nilimwambia sijui. Nilimweleza ile kanuni ya fomu, na darasa la Januari, na kwamba kamati inaweza kukataa.

"Iandike," alisema. "Lakini usiandike ofisi ilikosea. Ofisi simjui ni nani. Andika jina lako."

Ndivyo nilivyofanya. Taarifa ya Meneja sijaitia saini. Nimeandika yangu, imeambatanishwa na barua hii, na karatasi yenye upinde wako iko pamoja nazo. Kesho asubuhi nakala moja ya zote hizi, pamoja na barua, itakwenda kwa kamati. Moja nitaibandika mlangoni mwa chuo, palepale ulipobandika majina, ili Meneja aisome akiwa amesimama kama waombaji. Moja nitampelekea mama yake Wanjiru kwenye daraja. Hii ni yako. Kama kesho jioni sina kazi, nitakuwa sina kazi. Kama nitapelekwa pale langoni Makadara, nitakwenda nikitazama mbele. Naogopa, Kaka. Nimechora mistari ya pembeni ya barua hii kwa rula na bado maandishi yanapanda na kushuka, utayaona mwenyewe. Usije kunitetea. Ukija, uje kwa Mama, anakuulizia, na ulete ile patasi ndogo, pazia limeng'oka msumari.

Meneja aliniuliza Ijumaa ile, nikarudi mikono mitupu. Swali bado lipo. Jibu langu nimelileta, na safari hii nimelitazama kwenye karatasi, si kwenye daftari, mkono usije ukalikata. Nimeliandika kwenye mstari mmoja:

Ni mimi, dada yako.